Unga wa Vigae

Vumbi la saruji, sisi wa Tororo tunalijua kwa ladha.
Hutua juu ya majani ya muhogo, juu ya kope za mbuzi,
hutua hata kwa asiyeweza kununua mfuko mmoja.
Mimi ni mmoja wao. Fundi Oburu.
Miaka kumi na tisa nimeshika mwiko,
na ukuta wa nyumba yangu bado ni udongo.

Nyafwono alikuwa akinibebea maji ya zege.
Akaondoka, akaingia chuo cha ufundi kule Mbale,
akarudi na daftari lililolowa pembeni
na swali moja:
"Vile vigae nyuma ya duka la Wandera ni vya nani?"

Vya nani! Tangu lini takataka ikawa na mwenyewe?
Vigae vya sakafu vilivyovunjikia njiani kutoka Malaba,
sinki lenye ufa,
vyoo vya kukalia vilivyokosa wa kuvikalia,
vikombe vya harusi ambayo haikufika Krismasi.
Akavifunga kwenye baiskeli. Safari kumi na mbili.
Mji ukacheka.
Mimi nilicheka zaidi, maana nilikuwa karibu.

Alianza na nyundo, akamalizia na kinu,
kinu cha karanga cha mamake,
na mamake akamtukana kwa lugha ya nyumbani,
matusi ambayo hayatafsiriki.
Akachekecha kwa kipande cha pazia,
akarudia, akachekecha tena,
mpaka kigae kikasahau kwamba kiliwahi kukata kidole.
Nilichota kiganjani. Laini, cheupe.
Mwenye njaa angetafuta sufuria.

"Mfinyanzi hulia gaeni," nikamtania.
"Hulia huko ni kula," akauliza, "au ni kutoa machozi?"
Nikakosa jibu. Nikashika koleo.

Saruji makopo manne, vigae kopo moja.
Mchanga, maji, kimya.
Pembeni akafyatua mengine, nusu kwa nusu,
"ili tujue mpaka uko wapi."

Siku ya saba nikagonga tofali moja la nne kwa moja:
likameguka kama biskuti ndani ya chai.
Nilifurahi, sifichi.
"Bado linakunywa," akasema,
akayafunika yaliyobaki kwa magunia mabichi,
akayanywesha asubuhi na jioni
kama mzazi aliye ndani ya arobaini.

Siku ya ishirini na nane nilikuja na nyundo kubwa
na mashahidi.
Yale ya nusu kwa nusu yalibomoka kwa kidole gumba.
"Hilo nalo andika!" nikapaza sauti.
"Nimeshaandika."
Kisha nikaligeukia lile la nne kwa moja,
nikavuta pumzi, nikashusha.
Mpini ulipasuka mkononi mwangu.
Tofali likanitazama.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta Osukuru, kwenye shule ya wasichana,
nikisawazisha sakafu ya choo kwa unga wa vyoo.
Mifuko miwili ya saruji ilibaki dukani;
pesa yake ikawa milango minne yenye komeo za ndani,
na mwalimu mkuu akafunga na kufungua moja,
akafunga na kufungua,
kama mtu anayejifunza neno jipya.

Pazia lilikuwa na tundu.
Kipande cha kikombe kilipenya, chenye rangi ya buluu,
kikagandia karibu na mlango wa tatu.
Nilitaka kukichokoa. Nyafwono akanishika mkono.
Wasichana sasa wanabishana: ni ua, au ni mkia wa samaki?

Jana usiku sahani ilianguka jikoni kwetu.
Mke wangu akachukua ufagio.
Nikasema, ngoja.
Nikapiga magoti na tochi ya simu,
nikiokota hadi chini ya kabati, hadi vile vidogo,
naye akanitazama
jinsi nilivyomtazama Nyafwono
ile siku ya baiskeli.